Je, Uchi ni wa Anayeoga au wa Anayetazama?

Lugha yetu ina maneno mawili kwa hali ya mtu asiyevaa nguo: uchi na utupu. La kwanza ni zito. Ukilitamka mbele ya wakwe zako, chumba kizima kitanyamaza. La pili limetokana na tupu, yaani kisicho na kitu ndani yake, kama mtungi uliokauka. Siku hizi sisi watu wa mjini tunayatumia yote mawili kama matusi, na aghalabu tunamtupia mtu yule yule: mwanamke ambaye gauni lake limepungua vidole vinne kuliko tunavyopenda. Leo naomba tulizungumze jambo hili bila matusi.

Nalizungumza kama mzaliwa wa Muleba, niliyelelewa na bibi yangu katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria, nikasoma sekondari Bukoba mjini, na baadaye kazi hii ya uandishi ikanifikisha mahali ambapo watu wazima wenye akili timamu huvua nguo zote mchana kweupe, wakaketi kusoma gazeti. Nitafika huko. Kwanza tushuke ziwani.

Anayetoka uwanda wa juu wa Kamachumu akielekea ziwani huacha nyuma yake migomba na mibuni, akapita nyasi na mawe, kisha maji yakamtokea ghafula mbele yake, mapana kama bahari. Katika kijiji chetu njia hiyo iligawanyika penye jiwe kubwa. Mkono wa kulia walikwenda wanawake, wa kushoto wanaume. Hapakuwa na ukuta wala kibao. Wanawake walioga jioni, baada ya shamba na kabla ya kuinjika ndizi, nao walioga uchi, vikongwe kwa mama wenye watoto wachanga, wakisuguana migongo na kupashana habari. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kukaa penye jiwe na kulinda njia, nguo za wakubwa zikiwa zimekunjwa mapajani mwetu. Mwanamume akitokea, tulitakiwa tupaze sauti. Lakini ni mara chache tulihitajika, kwa sababu mwanamume huyo alikwisha kukohoa tangu huko juu, au kupiga mluzi, au kutoa salamu kwa sauti kubwa kabla hajamwona mtu yeyote. Asipojibiwa, alishuka. Akijibiwa, alingoja, au alipita huku uso wake ameuelekeza mlimani.

Nilimwuliza Bibi kwa nini mwanamume ndiye akohoe, na si wanawake waende kuoga mbali zaidi. Alinijibu kwamba anayeoga ana kazi ya kuoga, na anayepita ndiye mwenye kazi ya macho. Kwa Kihaya aibu huitwa ensoni, na Bibi hakuwahi kusema kwamba mwanamke aliyemo majini amekosa ensoni. Aliyeikosa, kwa hesabu yake, alikuwa yule aliyetazama. Palikuwa na bwana mmoja aliyepita bila kukohoa mara mbili. Wazee walimtoza kibuyu cha rubisi, na jina la “Asiyekohoa” likamganda hadi alipohamia Biharamulo. Nasikia na huko jina lilimtangulia.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasimulia habari za peponi. Katika maji ya ziwa lile kuna kichocho, na mabwana afya wana haki ya kutukemea. Tena wanawake nao wana macho: aliyeshuka ziwani akiwa na mimba changa ambayo hajaitangaza, kabla ya usiku kuingia kijiji kizima kilikuwa kinahesabu miezi. Lakini habari hizo zilibaki midomoni, na midomo huchoka. Hakuna aliyerudi nyumbani na sura ya mwenzake mfukoni.

Huenda wengine watasema kwamba hayo ni mabaki ya siku ambazo babu zetu “walitembea uchi”. Kauli hiyo nimeisikia hata kwa walimu. Mama yake Bibi alivaa nguo ya gome la mti, na anayeijua kazi ya kuitengeneza hawezi kuiita uchi. Gome la mti wa jamii ya mkuyu hubanduliwa kwa uangalifu, shina likafungwa kwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Kisha lile lililobanduliwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi litanuke na kulainika. Majirani zetu Waganda waliithamini kazi hiyo hata shirika la UNESCO likaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, mwaka 2008. Sisi wa upande huu tuliyatupa magome yetu upesi mno, baadhi tukiyaficha chini ya magodoro pindi mgeni alipobisha hodi.

Wageni wenyewe hawakuwa watu wa kufundisha adabu ya macho. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwa Mfalme Rumanika. Ikulu ile ilikuwa na wanawake waliolishwa maziwa hadi wakanenepa sana, kwa maana unene ulikuwa heshima. Speke alitamani kumpima mmoja wao, shemeji yake mfalme, naye aliyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Alimbembeleza mama yule kwa kuahidi kumwonyesha mikono na miguu yake mwenyewe, nyeupe, bila nguo. Wakakubaliana. Akachukua vipimo: mkono inchi 23, kifua inchi 52, na kadhalika. Hapo ninaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mama yule hakuwa mjinga. Alidai malipo ya jicho kwa jicho, na akalipwa. La pili ni kwamba yeye alichokiona kilibaki Karagwe, na Speke alichokiona kilipigwa chapa Uingereza, na hadi leo mtu yeyote anaweza kusoma upana wa paja la shemeji wa Rumanika. Mapatano yalikuwa sawa mbele ya macho. Hayakuwa sawa mbele ya daftari.

Baadaye wakaja waliotaka kutuvika. Emin Pasha alianzisha boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadri Weupe wakajenga misheni Kashozi mwaka 1892. Walutheri wa Bethel wakawasili mwaka 1910. Shule, hospitali na kahawa vilikuja, na pamoja navyo yakaja marekani, kanzu na gauni. Mimi sina ugomvi na gauni, ninalivaa. Ninachokishangaa ni kwamba katika miaka hiyo hiyo, kwao Ujerumani, watu walikuwa wanavua. Wapo waliochoshwa na moshi wa viwanda, kola ngumu na sidiria za mifupa ya nyangumi, wakaanza kuhubiri kwamba jua, hewa na maji juu ya ngozi tupu ndiyo afya. Mwaka 1903 ilifunguliwa bustani ya watu wa aina hiyo mahali paitwapo Klingberg, kaskazini mwa nchi yao. Kwa hiyo mwanamke wa Bukoba alikuwa anafundishwa kufunga vifungo hadi shingoni, wakati mwanamke wa Klingberg anavifungua vyote, na kila mmoja akiambiwa kwamba huo ndio ustaarabu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya mafunzo mafupi Berlin. Jumamosi moja ya kiangazi mwenyeji wangu, mwandishi mwenzangu aliyepita umri wa miaka hamsini, alinichukua hadi ziwa moja nje ya jiji. Tulipita msitu, tukatokea mchangani, na hapo nikakuta watu wapatao mia moja wakiwa kama walivyozaliwa. Wazee kwa wake zao. Mtu mwenye kitambi amejilaza juu ya taulo na gazeti amelifunua usoni. Mama mmoja alikuwa anamenya yai la kuchemsha kwa utulivu kabisa, kama aliye jikoni kwake. Mwenyeji wangu alikulia Ujerumani Mashariki, nchi ile iliyotujengea maghorofa ya Kikwajuni kule Unguja, na akanieleza kwamba huko kuoga uchi katika Bahari ya Baltiki lilikuwa jambo la familia nzima, la mfanyakazi na mkuu wake. Katika miaka ya 1950 serikali yao ilijaribu kulipiga marufuku ikashindwa.

Najua msomaji anataka kuuliza kama nami nilivua. Nilivua viatu. Nilikaa na kitenge changu nimekifunga barabara, na kwa hakika mimi ndiye niliyekuwa kituko pale. Lakini sikuona haya kama nilivyotarajia. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa peke yangu. Sikuwa na dada wa kunisugua mgongo wala mtoto wa kunilindia nguo. Kwetu uchi wa maji ni jambo la watu wanaofahamiana. Kwao ni jambo la wageni waliokubaliana kutojuana. Nilipoanza kuangaza macho huku na huku, kama afanyavyo mwandishi yeyote, mwenyeji wangu alinigusa goti na kuniambia kwa upole kwamba hapa hatutazamani. Mlangoni palikuwa na kibao chenye picha ya kamera iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Nikacheka peke yangu. Nimepanda ndege saa kumi na zaidi kwenda kusoma sheria ya jiwe letu la Muleba!

Tofauti ni kwamba wao wameiandika, sisi tuliiamini tu. Na kinachoaminiwa tu huweza kuondoka bila mtu kukiaga.

Hapa kwetu Tanzania suala la nguo lilipata mkono wa nguvu mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotoa azimio dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, krimu za kujichubua na suruali za kubana, lianze kazi tarehe 1 Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa, na katika taifa changa hilo halikuwa jambo la kudharau. Lakini kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana kule Kariakoo yalikuwa yanawasimamisha wanawake penye vituo vya mabasi, kuwazomea na kuwachania nguo. Wakati ule ule mkoani Arusha Wamasai walikuwa wanahimizwa waache lubega wavae suruali, kwa kuwa lubega lilihesabiwa kuwa uchi. Basi huku suruali ni uzalendo, na huku suruali, ikibana kidogo, ni usaliti. Bibi aliniambia kwamba habari za kupima sketi zilipofika kijijini kwa redio, aliuliza kama vijana hao hawana mashamba. Idi Amin naye alitoa amri yake dhidi ya sketi fupi nchini Uganda mwaka 1972. Na mwaka 2014, ilipopita sheria mpya ya Uganda dhidi ya picha chafu, wanawake walivuliwa nguo barabarani na watu waliodai kwamba wanailinda heshima. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo mwaka 2021. Kumvua mtu nguo ili kumfundisha kuvaa ni jambo ambalo akili yangu imeshindwa kulimeza, ingawa nimelisoma mara nyingi.

Sasa nataka tuingie ndani ya nyumba, maana uchi mzito kuliko wote hauko barabarani wala ziwani. Ni wa mzazi.

Kwa Wahaya, kama ilivyo kwa makabila mengi ya nchi hii, mtoto hautazami utupu wa mzazi wake. Mkwe hata kitanda cha mkwe hakikalii. Mwiko huo ulisimama imara kwa vizazi, kisha ukaja ugonjwa uliowalazimisha watu kuuvunja kila asubuhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa kwetu waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya kupendeza iliyokuwa inavushwa kutoka Uganda. Ugonjwa ukapewa jina la vazi. Mimi nilizaliwa katika miaka iliyofuata, na nilipopata akili nilikuta kwamba kila boma lina mtu anayelala ndani. Waliozoea kuuguza walikuwa wameugua. Dada walikwisha, wake walikwisha, na mwishowe alibaki kitinda mimba wa kiume na mama yake kitandani, na mama hawezi kujigeuza.

Jirani yetu mmoja alifikwa na hayo. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuja kwa Bibi usiku, akasimama nje ya mlango, akashindwa kusema alichojia, na Bibi akakijua bila kuambiwa. Kesho yake alikwenda naye. Nilibeba ndoo, kwa hiyo niliyaona mafunzo hayo kutoka mlangoni. Alimfundisha kumfunika mama yake kwa khanga kubwa kutoka shingoni hadi miguuni, aloweke kitambaa katika maji vuguvugu, kisha apitishe mkono chini ya khanga na kuosha kwa kupapasa, sehemu kwa sehemu, macho yake yakiwa ukutani. Tena akamwambia asioge kimya, yaani asimwogeshe mgonjwa kimya kama anayeosha maiti. Amweleze mama habari za kibanja: mgomba gani umeanguka, mbuni gani umechanua, jirani gani amepitisha mpaka. Kijana akaanza, sauti inatetemeka, akasema juu ya mgomba. Mama yake akamjibu kwamba ule haufai kukatwa bado. Wakaendelea hivyo hadi maji yalipopoa.

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya heshima ya mgonjwa, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha zaidi ya asubuhi ile. Mwiko haukuvunjika. Ulihamishwa kutoka kwenye mkono ukawekwa kwenye macho, mahali ulipokuwa tangu awali. Linganisha na wodi moja ya mkoani, ambayo sitaitaja, nilipomsindikiza Bibi miaka mingi baadaye alipopooza upande mmoja. Muuguzi alivuta shuka kwa mara moja, mbele ya jamaa za wagonjwa wengine, wake kwa waume, akaanza kazi yake huku anazungumza na mwenzake juu ya mshahara. Hakuwa mkatili, alikuwa na wagonjwa wengi na pazia halikuwapo. Bibi alifumba macho. Mtu asiyeweza kuwazuia wengine wasimwone hujaribu walau asiwaone yeye.

Tulipomrudisha nyumbani, mimi ndiye niliyemwogesha. Nilifuata njia yake: khanga, kitambaa, macho ukutani, habari za mjini. Siku ya nne au ya tano alianza kucheka chini ya khanga. Akaniuliza kama ukuta ule una kitu kipya kila siku hata niukodolee macho namna ile. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, leo nakupa macho. Tazama ujue mwili unavyokwisha.” Nikatazama. Nitawaacha wasomaji nje ya mlango katika hilo, kwa kuwa ruhusa ilikuwa yangu peke yangu.

Anayeelewa uzito wa mwili wa mama mzee ataelewa kwa nini wapo waliouweka mbele ya serikali. Machi 1992, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa, pamoja na Wangari Maathai, walishambuliwa na polisi. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele ya askari. Aprili 2015 wanawake wa Amuru, kaskazini mwa Uganda, walivua mbele ya mawaziri waliokuja kuweka mipaka ya ardhi. Wale hawakuwa wanaonyesha miili. Walikuwa wanawatwika wanaume mzigo wa kuwa wametazama. Silaha hiyo hufanya kazi kwa mtu aliyefundishwa kugeuza uso tu. Kwa kijana anayeinua simu na kupiga picha, sijui kama inakata.

Na hapo ndipo ninapotaka kumfikisha msomaji.

Ukienda ufukweni Bukoba Jumapili, upande wa kisiwa cha Musira, utaona mambo yamebadilika kwa heri nyingi. Vijana wa kike na wa kiume wanaoga pamoja na nguo za kuogelea, wanacheza mpira, wanakula samaki, na hakuna anayezirai. Wazazi wao wangeshtuka, lakini wazazi wao ndio hao walioketi kando wakinywa soda. Mtu angesema kwamba tumekuwa huru zaidi na miili yetu kuliko wakati wowote. Mimi nasema tumekuwa huru zaidi na nguo fupi. Ukishuka vijijini, kule Muleba ambako bomba la maji halijafika na ziwa ndilo bafu, mambo yamekwenda kinyume.

Miaka miwili iliyopita binti wa mama yangu mdogo, mwenye miaka ishirini na minne, aliyeolewa na ana mtoto mchanga, alishuka kuoga pamoja na wenzake mahali pale pale pa akina bibi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama juu, karibu na njia, alipiga picha. Kabla ya giza kuingia picha ilikuwa katika kundi la simu la vijana wa kijiji, na kabla ya kulala ilikuwa Mwanza, kwa shemeji zake. Wanawake walikuwa sita pale majini, lakini uso ulioonekana vizuri ulikuwa wake. Mumewe alikaa siku tatu bila kusema naye.

Mkutano ukaitishwa chini ya mwembe, nami nilisafiri kutoka Bukoba kuhudhuria. Msemaji wa kwanza alisema kwamba dunia imebadilika na wanawake nao wabadilike. Wa pili akasema mke wa mtu ana haja gani ya kuoga hadharani. Wa tatu akapendekeza marufuku ya kuoga ziwani kwa wanawake walioolewa. Binti yetu alikuwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni, akitazama ardhi. Walikuwa wanamjadili yeye. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki yake, na hakuna aliyekuwa amemtaja.

Ndipo mzee mmoja, ambaye haoni vizuri tena, aliomba fimbo yake, akasimama, akamgeukia kijana na kumwuliza neno moja: “Ulikohoa?”

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka hata mmoja, na kicheko kikafa njiani. Kijana akajibu kwamba hakuelewa swali. Mzee akalirudia. Mama yangu mdogo, ambaye hadi hapo alikuwa anatetemeka kwa hasira, akainuka na kulieleza: kwamba kijiji hiki kina sheria, kwamba haikuandikwa kwa sababu hapakuwa na haja, na kwamba sheria hiyo haijawahi kumhusu anayeoga. Akaongeza kwamba hata Serikali inayo ya kwake. Hapo nami nikasaidia kidogo, nikawaeleza habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kusambaza picha chafu, na ile ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi za mtu. Nilipotaja sheria, kijana aliondoka penye pikipiki na kuketi.

Alitozwa faini, akaomba radhi mbele ya watu, akafuta picha. Ile aliyoifuta ilikuwa ya kwake. Za wengine nani atazifuta? Binti yetu alikaa mwezi mmoja, kisha yeye na mumewe wakahamia Mwanza, ambako picha ilikwisha kumtangulia lakini walau watu ni wengi. Mahali pa kuogea pakabaki patupu msimu mzima. Wanaume waliopenda amani wakajenga vibanda vya mabati nyuma ya nyumba, jambo jema, ila maji ya vibanda hivyo hubebwa na wanawake wale wale, lita ishirini kichwani, kupanda mteremko ambao mimi huupanda mikono mitupu nikahema.

Mwaka jana wanawake wa makamo walichoka kubeba. Walirudi ziwani, na pale penye jiwe wakamweka bibi mmoja na kikapu. Kila anayeshuka, upande wa kulia, huacha simu yake kikapuni, hata awe binti wa diwani. Anayepita njia ya juu naye hutakiwa kusimama na kuiacha hadi atakaporudi, na vijana wa bodaboda wananung'unika kwamba wanakosa abiria. Binti yetu amepigiwa simu kuelezwa habari hizo. Amesema ameshukuru, lakini hajasema kwamba atakuja.

Wanaume sasa wamewasilisha ombi lao kwamba upande wa kushoto nao uwekewe kikapu, kwa kuwa wanawake nao wana simu. Wanawake wameuliza nani amewahi kuwapiga picha. Wazee wamesema suala hilo watalijadili msimu wa senene ukiisha.